Ikipinduka, Mtoto Atarudije Ndani?

Mzee hakuanzia omo, yaani mbele, kama wengine wote waliokuja kuitazama mashua yangu. Alizunguka moja kwa moja hadi tezi, yaani nyuma, akaweka kiwiko juu ya ubao wa nyuma, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kama mnunuzi wa ng'ombe anayefungua mdomo wa mnyama ahesabu meno.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwalo wa Kigungu, ufuo wa wavuvi hapa Entebbe. Rangi ilikuwa bado inanukia. Binti yangu, mwenye miaka 11, alikuwa amevaa jaketi okozi tangu nyumbani na alikataa kulivua hata ndani ya pikapu.

"Umeipaka rangi vizuri," mzee akasema. "Ikipinduka, mtoto atarudije ndani?"

Nikamweleza kwamba haiwezi kupinduka kirahisi. Tazama, mzee, ilivyo pana.

"Mwanangu, sikuuliza kama itapinduka."

Hatukuingia majini siku ile. Nilimwambia binti yangu kwamba upepo umezidi.

Upepo haukuwa umezidi.

## Nilichokuwa nikichora

Miezi minane nilichora mashua hii kwenye karatasi za miraba nilizochomoa katika daftari za hesabu za mtoto. Usiku, watu wakilala, meza ya chakula ilikuwa yangu. Nilikuwa na mashua ya mita 3, upana wa mita 1 na sentimita 36, tanga moja la pembe nne: foramali juu, mti mwingine chini, na mlingoti mfupi unaoweza kubebwa na mtu mmoja begani.

Vipimo hivyo sikuvichagua kwa hiari. Plaiwudi dukani ni ya sentimita 244 kwa 122, na ukishakubali kuitumia, imeshaamua nusu ya umbo kabla hujashika penseli. Mwaka 1947, huko Clearwater, Florida, Clark Mills alitakiwa kuchora mashua ya watoto itakayotoka kwenye karatasi mbili tu za plaiwudi. Ndiyo maana Optimist, ambayo leo watoto wa dunia nzima wanajifunzia, ina urefu wa mita 2.3 na omo iliyokatwa butu kama kasha. Hakuna plaiwudi iliyobaki ya kuichongea pua. Mimi nilikubali kuunga karatasi mbili ili nipate zile sentimita za ziada, kwa sababu urefu unaogusa maji ndio unaoweka kikomo cha mwendo. Mashua yangu, ikilala kwenye maji kwa mita 2.8, haitazidi sana kilomita 7 na nusu kwa saa hata upepo upige namna gani, maana hapo inabaki kupanda wimbi lake yenyewe.

Nilikokotoa uzito nao. Mimi, binti yangu, ubao, tanga na kamba: kilo 175. Basi sehemu inayozama lazima isukume lita 175 za maji. Hapa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, maji ni baridi, maana yake hayana chumvi, na kila mita ya ujazo ina kilo 1,000; baharini ni kama kilo 1,025. Mashua hiihii ikipelekwa Mombasa kwa mjomba itahitaji lita 171 tu, itanyanyuka kidogo. Na ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo upepo wa mwendo uleule unalisukuma tanga kwa nguvu pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Nikaongeza kitambaa. Nilifurahi sana usiku ule, nikiona nimeichora mashua ya ziwa hili na si ya mahali pengine.

Karatasi zote zile, arobaini na kitu, zilionyesha mashua ikiwa imesimama.

Hata moja haikuionyesha ikiwa imelala ubavu.

## Mtumbwi wa mvuvi

Najua nilikoiba umbo la ndani. Nimekua nikitazama mitumbwi ya visiwa vya Ssese, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ule uwazi wake: mataruma (zile mbavu za ndani), mbao, basi. Macho yanapita kutoka omo hadi tezi bila kizuizi. Nikaitaka mashua yangu iwe hivyo. Niliweka vibao viwili vya kukalia, vyembamba, nikaacha chini yake wazi.

Nilichosahau ni kazi ya ule uwazi. Mvuvi anahitaji mahali pa nyavu na samaki. Mzigo wake uko chini kabisa na unaituliza mashua. Anao wenzake watatu wenye mikono kama yake. Mbao zake ni nene, na mtumbwi ukijaa maji watu wanaushikilia wakingoja wenzao. Mimi nilichukua uwazi, nikaacha mzigo, nikaacha wenzake, nikaacha unene wa mbao. Halafu nikampandisha mtoto wa kilo 31 na kumpa tanga, kitu ambacho wavuvi wengi wa upande wetu hawakitumii tena. Wana injini au makasia. Matanga utayaona zaidi upande wa Kenya na Tanzania.

Wiki ya kwanza baada ya swali la mzee sikuigusa mashua. Niliifunika turubai nyuma ya nyumba.

Kilichonisumbua hakikuwa hesabu. Ziwa hili ni shamba la watu, na kila mtu wa mwalo ana jina la ndugu ambaye hakurudi. Novemba 2018, upande wa Mukono, boti ya starehe ilizama na zaidi ya watu 30 wakafa, watu waliokwenda kucheza muziki tu. Neno starehe likitajwa na ziwa pamoja, watu wa hapa wananyamaza kidogo. Nilijiuliza kama nina haki ya kumwingiza mtoto majini kwa ajili ya raha, ilhali wenzangu wanaingia kwa ajili ya unga.

Jibu lililonijia, na bado nalishikilia, ni kwamba mvuvi hana la kuchagua lakini mimi ninalo. Mashua yake lazima kwanza ibebe samaki. Yangu haibebi kitu. Basi nafasi yote anayoitumia kwa mzigo, mimi ninaweza kuitumia kwa hewa.

## Kiti ambacho ni sanduku

Nikarudi kwenye mashua moja ya Uingereza ambayo nilikuwa nimeipita haraka kwa sababu sikuipenda sura yake. Inaitwa Mirror. Ilichorwa mwaka 1962 na Jack Holt, mchoraji wa mashua, pamoja na Barry Bucknell, fundi aliyekuwa akifundisha watu kazi za mikono kwenye televisheni. Gazeti la Daily Mirror ndilo lililoitangaza, na matanga yake mekundu yanatokana na gazeti hilo. Mita 3.3, kilo 45 na nusu, mtu wa kawaida aijenge mwenyewe nyumbani kwake. Zimejengwa zaidi ya 70,000.

Mbinu ya Bucknell inanigusa kila nikiifikiria. Hakuna mataruma ya kuanzia. Unakata plaiwudi, unatoboa vitundu kandokando, unashona ubao kwa ubao kwa waya wa shaba, kisha unaziba maungio kwa utepe wa faibaglasi na gundi. Kushona! Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za nazi. Mitumbwi ya zamani ya Ssese nayo ilishonwa kabla misumari haijafika. Nilipokuwa nikikaza waya kwa koleo, mkono wa kulia ndani na wa kushoto nje, nilihisi kazi hii imekuwa ikinisubiri.

Lakini nilikuwa nimechukua kushona tu. Sikuwa nimetazama viti.

Ndani ya Mirror, kila unapokaa umekalia hewa. Viti vya ubavuni ni masanduku yaliyozibwa. Omo ni sanduku. Tezi ni sanduku. Katikati pamebaki nafasi ndogo tu ya miguu, na sura ile niliyoiona imebanana, nzito, isiyo na uwazi, ndiyo jibu la swali la mzee. Holt na Bucknell walikuwa wamelijibu kabla mimi sijazaliwa.

## Jerikeni sita

Sikutaka kubomoa kitu kilichokauka, kwa hiyo nilijaribu njia ya mkato. Jerikeni ya lita 20 ikizamishwa inanyanyua karibu kilo 20. Nikafunga sita chini ya vibao, tatu kila upande, kwa mpira wa baiskeli. Kilo 120. Tukaenda Kigungu asubuhi mapema, mahali maji yanapofika kifuani. (Kichocho nakijua, tulikunywa dawa baadaye.)

Tukaivuta ubavu mpaka ikalala.

Ilielea. Binti yangu alipiga kelele za furaha. Tukaisimamisha, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya maji ndani ya chombo kilicho wazi. Ilisimama imejaa hadi karibu na ukingo. Binti yangu akashika ubavu apande, maji yote yakakimbilia upande wake, na mashua ikamfuata polepole, ikamlalia. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu mpira ulikatika na jerikeni mbili zikaenda zao.

Mashua inayoelea na mashua inayoweza kusafirika tena ni vitu viwili. Maji yaliyomo ndani yanahama, na kila yanakohama yanaipeleka. Dawa yake ni kuyanyima mahali pa kukaa.

Nikabomoa vibao.

## Nilipozidisha

Nilijenga masanduku makubwa. Kila ubavu, kutoka mbele hadi nyuma: urefu wa mita 2, upana wa sentimita 40, kina cha sentimita 35. Lita 280 kila moja. Niliyaziba kwa gundi ya epoksi tabaka mbili, nikapuliza ndani na kusikiliza kwa sikio kama kuna panapovuja. Nilikuwa na hakika.

Jaribio la pili lilinitisha kuliko la kwanza.

Tulipoilaza, haikuzama hata kidogo. Ilikaa juu ya ubavu wake kama sanduku tupu juu ya maji, juu mno. Ule ubao mwembamba unaochomekwa katikati ya mashua na kushuka chini ili isisukumwe upande, ndio ngazi ya mtu aliyepinduka: unapanda juu yake, unaegemea nyuma, na uzito wako unaivuta mashua isimame. Sasa ulikuwa juu ya kichwa cha binti yangu. Aliruka, vidole vikagusa ukingo wake, vikateleza. Wakati huo upepo mdogo wa asubuhi ulishika upande wa chini ya mashua kana kwamba ni tanga, ukaanza kuisogeza. Mimi niliogelea kuifuata. Yeye alibaki.

Kisha mlingoti ukaanza kuingia maji. Kwa kuwa mashua ilikuwa imekaa juu, kichwa cha mlingoti kilielekea chini, na pole pole ikajigeuza kabisa, tumbo juu. Foramali ilichimba chini. Tulipoitoa, ncha yake ilikuwa na matope meusi ya urefu wa kiganja, na ganda dogo la konokono limenata humo.

Yale matope sikuyaosha kwa siku kadhaa. Kila nikipita nyuma ya nyumba nilikuwa nayatazama. Katika vina vya kweli, mbali na mwalo, pasingekuwa na matope ya kuizuia.

Hapo ndipo nilipokwama, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Hewa kidogo, mashua inajaa na kumlalia mtoto. Hewa nyingi, mashua inapaa, inamkimbia, inageuka tumbo juu. Nilidhani usalama ni kitu unachokiongeza kama chumvi kwenye mchuzi, na hata chumvi ina kiasi chake. Nilifikiria kuiuza. Kuna mtu wa hoteli alikuwa ameiulizia, aipande maua.

Suluhisho lilitoka kwenye kuuliza hewa ikae wapi, badala ya hewa kiasi gani. Masanduku ya ubavuni niliyakata mpaka mita 1 na sentimita 20 na kuyafanya membamba, lita 90 kila moja. Hewa niliyoipunguza niliihamishia omo na tezi, katikati ya upana, ambako mashua ikilala ubavu haiinyanyui sana, lakini ikisimama inayafukuza maji. Juu ya mlingoti nikafunga jerikeni ya lita 5. Kilo 5 ni kidogo, lakini zikiwa mita 3 kutoka kwenye mashua zinatosha kuuzuia mlingoti usishuke. Si nzuri kwa macho. Imebaki pale.

Na ubao wa tezi, ule mzee alioweka kiwiko, niliukata katikati kwa sentimita 12, pawe na mahali pa kuingilia. Mtu anayepanda kwa nyuma haiegemezi mashua upande wowote.

## Ikiachwa, isimame

Kuna kosa lingine ambalo mzee hakuliona kwa sababu lilikuwa halionekani nchi kavu.

Nilikuwa nimeusogeza mlingoti mbele sana ili miguu ipate nafasi. Tulipoanza kusafiri, niliachia usukani kidogo nijikune, na mashua ikageuza kichwa kuukimbia upepo, ikashika mwendo. Tanga lilikuwa likivuta mbele ya ule ubao wa katikati, kwa hiyo lilikuwa likiisukuma omo upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Fikiria mtoto ameanguka na mashua inafanya hivyo. Atabaki akiitazama ikienda.

Nilisogeza shimo la mlingoti nyuma kwa sentimita 14. Sasa ukishika usukani unausikia ukikuvuta kidogo kiganjani, uzito kama wa mtoto mdogo anayekushika kidole barabarani. Ukiuachia, mashua inageuza uso kwenye upepo, tanga linapigapiga, nayo inasimama hapo ikingoja. Nimerudia zaidi ya mara ishirini. Ningeweza kupata mwendo zaidi kwa kuupunguza ule mvuto, na sitaki.

Juu ya uzito sina mengi. Kilo 54 sasa, nilitarajia 46. Watu wawili wanaibeba.

## Kamba

Jumamosi iliyopita tulirudi Kigungu. Saa nane mchana, upepo wa ziwani umeshaanza kuja wa sawasawa, mawimbi mafupi. Nilimwambia binti yangu kwamba nitakuwa majini karibu naye lakini sitagusa kitu. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake akishona nyavu.

Binti yangu alivuta demani, kamba ya kukazia tanga, kwa nguvu makusudi, mashua ikainama, akaanguka nayo.

Ilikaa mahali nilipotaka. Ubao wa katikati ulikuwa usawa wa kifua chake. Alizunguka, akapanda, akaegemea. Mashua haikutikisika. Kilo 31 hazikutosha, na tanga lililolowa lilikuwa limeshika maji. Akaegemea tena. Nilijua kamba iko wapi na nilijizuia nisiseme. Tulikuwa tumefunga kamba ya mafundo chini ya ukingo kila upande, ya kurusha juu ya tumbo la mashua. Aliikumbuka mwenyewe. Akaishika, akasimama kwenye ncha ya ubao, akajinyoosha kwenda nyuma mpaka nywele zikagusa maji.

Kwanza ilitoka ile jerikeni ya manjano. Kisha foramali, polepole sana, maji yakimwagika kwenye tanga kama pazia. Halafu ghafla yote ikasimama, naye akadondoka chali.

Akaogelea hadi tezi, akaweka tumbo kwenye ule mkato, akajivuta ndani. Maji yalimfika chini ya magoti. Akachukua kopo akaanza kuyafua bila kunitazama.

Tulipoivuta nchi kavu mzee aliinuka, akaja, na safari hii akapita ubavuni. Hakusema juu ya kupinduka. Alishika ule mti wa chini wa tanga, akausukuma kulia, akausukuma kushoto, ukapita juu ya kiti ukiyumba.

"Na huu," akasema, "ukigeuka haraka akiwa amekaa?"

Nilichukua futi. Kutoka kwenye kiti hadi kwenye mti, sentimita 61. Binti yangu akikaa, kutoka kitini hadi utosini, ni 73.